Mustari wa Donatien Unapanda Tu

Kama hukusoma gazeti ya juma lililopita, usihangaike, ingia ukae, nafasi iko. Na wewe uliyesoma, funga mudomo kidogo, acha wenzako wafike.

Tulimuacha Donatien, mutoto wa kijiji cha Sange, mukwe wa watu wa Nguba hapa Bukavu, ameketi mbele ya ordinatere, ile mashini ya hesabu ya mradi wa mifugo kule Ibanda, anacheka peke yake. Donatien ni jina la ubatizo. Kwenye karatasi za Serikali haliandikwe tangu authenticité iingie, ile amri ya kuacha majina ya Kizungu, lakini mama mukwe wake, Maman Adélaïde, aliapa kwamba hatamuita mukwe kwa jina ambalo padri hakulisikia.

Ile mashini aliachiwa na Muzungu mumoja aliyemaliza kontra akarudi kwao. Ndani yake Muzungu aliacha programe ya kufuata mali yake mwenyewe. Unaandika kitu ulichonunua na bei yake ya zamani, kisha kila mwezi unaandika bei ya leo, na mashini inachora mustari. Mustari ukipanda, unafurahi. Ukishuka, unashika kichwa.

Donatien akafuta mali ya Muzungu, akatia mali ya bukweni, ya watu wa bibi yake.

Akatia ngombe za kule Walungu. Akatia mupunga ambao ananunua Sange wakati wa mavuno na kuuzisha Bukavu wakati wa ukosefu. Akatia dhahabu, ile ambayo shemeji yake Aloys ananunua kwa wachimbaji wa Kamituga na kuiweka kwa ajili ya jamaa yote. Mwisho akatia nyumba ya Nguba, nyumba ya matofali kandokando ya ziwa, ambayo marehemu baba mukwe alimuachia Maman Adélaïde.

Tangu siku ile, kila mwisho wa mwezi, siku ya Mungu, misa ikiisha, jamaa yote inakutana kwa Maman Adélaïde. Donatien anafungua karatasi ndefu ya mashini, ile yenye matundu pembeni.

“Inapanda?” Maman anauliza.

“Inapanda, maman.”

Vigelegele! Huyu mukwe ambaye zamani walikuwa wanamupa kiti cha karibu na mulango, pamoja na viatu, sasa anakaa kwenye foteyi, kile kiti kikubwa cha marehemu baba mukwe. Mutu wa Sange! Mutu ambaye siku ya ndoa mashangazi walinongona kwamba Apolline, binti ya Maman, amejitupa kwa kuolewa naye. Munaelewa sasa kwa nini alikuwa anaipenda ile mashini kuliko chakula.

Lakini mustari mumoja ulikuwa haupandi. Ule wa nyumba. Dhahabu inapanda mulima, ngombe zinapanda, mupunga unapanda, nyumba imelala tu.

Na ni Donatien mwenyewe, kwa mudomo wake, hakuna aliyemusukuma, alisema: “Maman, nyumba inalala. Tuiuzishe, feza iende Kamituga kwa dhahabu. Wewe utakuja kukaa kwetu Kadutu.”

Maman Adélaïde alifikiri mwezi muzima. Alijifungulia watoto wote katika ile nyumba, na mume wake alifia humo. Kisha akasema: “Kama mashini imesema, mimi ni nani?”

Mununuzi akapatikana upesi: Grégoire, mufanyabiashara wa malori. Bei? Ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya Donatien, na juu yake kidogo kwa heshima. Wakapanga siku ya posho, ndiyo Jumamosi, saa za mangaribi, watu wakisha kutoka salongo, ile kazi ya lazima ya Serikali, wakunywe kasiksi.

Nani hajui kasiksi? Pombe ya ndizi. Lakini siku ya kuuzisha si pombe tena. Katika jamaa ile, karatasi ya Serikali inakuja nyuma. Mwenye kuuzisha na mwenye kununua wanatia murija katika kibuyu kimoja mbele ya watu, wanavuta, imekwisha. Anayerudi nyuma kisha kukunywa ni kama ametapika mbele ya wakubwa. Hata watoto wake watachekwa.

Bon. Sasa mumefika wote. Twende.

Siku ya ine, ndiyo Alhamisi, kazi haikuwa. Direktere alikuwa Goma. Donatien, mutu asiyejua kutulia hata kanisani, akasema acha nicheze na mashini yangu.

Asubuhi ile Apolline alikuwa amelalamika. “Nimepita Kadutu sokoni. Ile pagne ya wax uliyoninunulia wakati wa ndoa, unajua leo ni bei gani? Wezi wale!”

Basi Donatien, kwa muchezo tu, akatia pagne, kile kitenge. Pagne yenyewe iko katika malle, lile sanduku la nguo, imekunjwa, inanuka dawa ya mende. Akaandika bei ya wakati wa ndoa. Akaandika bei ya leo. Akabonyeza.

Mustari ukapanda. Ukapita mupunga. Ukapita ngombe. Ukapita dhahabu ya Kamituga!

“Wee!” Donatien akapiga mikono. “Bibi yangu ni tajiri!”

Akatia sufuria. Ile yenye tundu, kuku wanakulia ndani. Ikapanda. Akatia kipande cha sabuni. Kikapanda. Akatia viatu vyake vya ndoa, ambavyo havina tena kisigino. Vikapanda vizuri sana.

Hapo kicheko kikamukauka.

Pagne haizai ndama. Sufuria yenye tundu haichimbi dhahabu. Basi nini kinapanda hapa?

Hakuna kinachopanda, Donatien. Ni zaïre, feza yetu, inashuka, na wewe umeshika zaïre mukononi njo unapimia mali ya watu. Uko kama mutu anayeteremka mulima wa Muhungu, anageuka nyuma anasema: ona nyumba za juu zinavyopanda!

Jasho likamutoka. Akafuta uso kwa karatasi ya mashini, wino ukamubaki kwenye shavu.

“Na nyumba?” akajiuliza. “Kwa nini nyumba peke yake ililala?”

Jibu alikuwa nalo, na lilimuchoma. Nyumba haikulala. Hakuna siku aliiandikia bei mupya. Bei ya dhahabu, Aloys anatuma. Bei ya ngombe na mupunga, sokoni wanaimba. Lakini bei ya nyumba ambayo mama mukwe wako iko anakaa ndani, utaenda kuiuliza kwa nani? Kwetu kuuliza bei ya nyumba ya muzazi angali muzima ni kumuambia: maman, utakufa lini? Donatien hakuuliza. Kwa heshima! Mashini haijui heshima, ikarudilia tu bei ile ya zamani, mwezi kwa mwezi, na mustari ukabaki chini.

Akafunga biro, akashuka Nguba mbio. Kulikuwa nyumba ya jirani, mapacha kabisa na ya Maman, ambayo masista walinunua mwezi uliopita. Akamukuta sentineli anachunga barrière, mulango wa kiwanja.

“Papa, samahani. Masista walilipa ngapi?”

Sentineli akamuambia.

Donatien akashika barrière. Kwa bei ya Grégoire, Maman Adélaïde alikuwa anauzisha jiko na ua. Nyumba yenyewe alikuwa anaitoa bure.

Sasa wewe musomaji ungefanya nini? Ungekimbia nyumbani umuambie bibi yako, si hivyo? Hata mimi. Lakini Donatien aliwaza ile foteyi. Aliwaza mashangazi. Alijiona tena kwenye kile kiti cha mulangoni.

“Papa Benoît, uko na nini?” Apolline alimuuliza kwenye meza. Anamuita kwa jina la mutoto wao wa kwanza.

“Kichwa.”

“Haujakula.”

“Nimesema kichwa.”

“Bon. Mimi nimeshapanga chumba cha maman. Watoto wamefurahi, wanasema koko atawapikia.” Akacheka. “Unajua, zamani nilikuwa naogopa watu wetu watakuzarau mupaka kufa. Leo wananiambia: Apolline, wewe ulichagua vizuri.”

Donatien akasukuma sahani. Akasema anaenda kulala.

Mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamuumbua. Wazee hawakusema bure.

Siku ya tano asubuhi akaamka na akili mupya. Alisema moyoni: lazima Maman ajue mbele ya kukunywa. Lakini nitamuambia namna gani? Mukwe hamukabili mama mukwe na neno baya, macho kwa macho. Ni haya, ni mukosi. Neno zito la mukwe linabebwa na musemaji, yule muzee aliyemusemea siku ya kuomba bibi.

Na musemaji wa Donatien alikuwa nani?

Shika kiti chako. Alikuwa Grégoire.

Ndiyo, Grégoire yule yule wa malori. Na yeye ni mutoto wa Sange. Baba ya Donatien alikufa mapema, Grégoire akamulipia masomo, akavaa abakosi, ile koti yake nzuri ya wakubwa, akaenda Nguba kumuombea Apolline. Alisema vizuri mupaka mashangazi wakanyamaza. Donatien alikuwa anamuita tonton, yaani mujomba, lakini moyoni alimuita papa.

“Donatien!” nasikia munapiga kelele. “Utapeleka siri ya muuzishaji kwa mununuzi?” Pigeni kelele, hasikii. Alikuwa amekwisha kufika kwenye depo ya malori ya Grégoire.

Grégoire alimusikiliza mupaka mwisho, pagne, sufuria, masista, yote. Hakumukata neno. Alikuwa anafunga na kufungua kifungo cha abakosi.

“Tonton, wewe ni mununuzi, najua ni vigumu,” Donatien akasema. “Lakini ile bei si bei. Ni kosa langu mimi. Umubebee Maman neno langu.”

“Umemuambia nani mwingine?”

“Hakuna mutu.”

“Hata bibi yako?”

“Hata yeye. Naona haya.”

Grégoire akamushika mukono kwa mikono miwili. “Mutoto wangu, umefanya vizuri kuja kwangu. Bukweni hawaingie na makelele. Kesho, mbele ya kukunywa, nitasimama, nitasema. Wewe kaa kimya. Usiniharibie.”

“Aksanti, tonton. Mungu akubariki.”

Akatoka mwepesi, anapiga mluzi. Njiani alinunua beignet akazila zote. Ule usiku kichwa kikapona, akala sahani mbili, Apolline akamushangaa.

Aka, Donatien! Ungejua!

Siku ya posho, asubuhi, salongo. Wafanyakazi wote wa mradi walikuwa wanakata majani mbele ya biro, chef wa kartie, mukubwa wa mutaa, anasimama pale na kofia yake. Donatien alikuwa anakata kwa nguvu kuliko wote. Alikuwa anafikiri: mangaribi tonton atasimama, neno litapita polepole, watanilaumu kidogo, yataisha.

Mama mumoja, jirani wa Maman Adélaïde, akapita na bassin ya ndagala kichwani. Akasimama.

“Papa Donatien? Wewe bado hapa?”

“Niko hapa, maman. Salongo.”

“Lakini kule bukweni kwako wameshaketi! Kibuyu kiko katikati.”

“Kibuyu gani? Ni mangaribi.”

“Mangaribi? Tonton Grégoire alifika asubuhi na mapema na valise imejaa feza. Alisema wewe ulituma neno: waanze tu bila wewe, salongo inakushika.”

Donatien hakusema kwaheri. Chef wa kartie akapiga filimbi, “Citoyen! Unaenda wapi, citoyen!” Citoyen alikuwa ameshapinda kona.

Akateremka kama jiwe. Akagonga mwenye mikate, hakuomba musamaha. Akapoteza kandambili moja, akatupa na ya pili. “Maman, usikunywe,” alikuwa anasema, anapumua, anasema tena. “Yezu, mushike mukono asikunywe.”

Akasukuma barrière ya Nguba kwa bega, akaingia katikati ya watu.

Wanamuke wakalia yowe. Watoto wakakimbilia jikoni. Shangazi mumoja akaanguka na kiti chake.

Donatien hakuelewa. Aliangalia nyuma yake aone ni nani anayekuja.

“Mukwe,” Maman Adélaïde akasema polepole. “Panga ya nini?”

Ole wake! Lile panga la salongo lilikuwa mukononi. Mukwe ameingia bukweni miguu wazi, na jasho, na panga! Haijaonekana tangu Nguba iwe Nguba.

Akalitupa katika maua. “Samahani, maman! Samahani! Ni ya majani! Maman, usikunywe!”

“Nikunywe nini?”

“Kasiksi! Usikunywe ile kasiksi!”

“Niko katika novena, siku tisa za sala na kufunga, mutoto wangu. Sikunywi kasiksi mupaka juma lijalo. Hata murija sikuushika.”

Mumesikia? Hakukunywa! Donatien akapiga magoti kwenye vumbi. Akacheka, akalia, vyote kwa pamoja. Bikira Maria amemushika mama mukwe na novena!

Grégoire alikuwa ameketi kwenye ile foteyi ya marehemu. Hakutikisika. “Mutoto wetu amechoka,” akasema. “Jua la salongo limemupiga. Mumupe maji.”

“Sitaki maji! Tonton, ulisema utasema! Haukusema!” Donatien akamugeukia Maman, macho kwa macho, haya ikabaki kule kwenye barrière. “Maman, mimi njo nimekosa. Usimulaumu mutu. Hakuna kinachopanda.”

“Namna gani? Miaka yote hii unaniambia inapanda.”

“Mustari ulipanda, maman. Mali haikupanda. Nilitia pagne ya Apolline ndani ya mashini, ile ya malle, nayo ikapanda kupita dhahabu. Nilitia sufuria ya kuku, ikapanda. Kila kitu kinapanda, kwa sababu zaïre inashuka. Na nyumba yako haikulala. Ni mimi sikuiandikia bei, niliona haya kuuliza bei ya nyumba yako ungali muzima. Masista wa hapa jirani, muende muwaulize walilipa ngapi. Ile valise pale inanunua jiko na ua tu.”

Macho yote yakageukia valise.

“Kwa hiyo mashini ilisema uongo?” Maman akauliza.

“Hapana, maman. Ilisema kile nilichoitia. Muongo ni mimi. Nilipenda munipigie vigelegele.”

Shangazi yule aliyeanguka akasonya, akasonya tena, akatafuta hewa ya kusonya mara nyingine.

Maman Adélaïde akafunga macho. Akayafungua. Munajua alifanya nini? Alitikisa kichwa, karibu acheke. “Mukwe wangu, umeniaibisha mbele ya watu. Tutaongea. Lakini umekuja mbele ya kukunywa, na hilo Mungu ameliona. Grégoire, chukua valise yako. Hatujauzisha.”

“Tumeuzisha,” Grégoire akasema.

“Sikukunywa.”

“Wewe hukukunywa, maman. Mutoto wako alikunywa kwa jina lako. Wote hawa wameona. Nilikuuliza mbele yao: mudomo wa mutoto si mudomo wa mama? Ukajibu: ni mumoja.”

Donatien akageuza shingo.

Nyuma ya kibuyu, kwenye mukeka, alikuwa Apolline. Amevaa vizuri, amefunga kitambaa kipya. Murija ulikuwa bado katika vidole vyake. Povu lilikuwa bado juu ya mudomo.

Sasa akafuta povu na mugongo wa mukono.

“Ulijua tangu lini?”

“Apolline, mimi…”

“Nimeuliza lini.”

“Siku ya ine.”

“Siku ya ine.” Akarudilia kama mutu anayejifunza kusoma. “Ulikaa kwenye meza yangu. Nilikuuliza uko na nini. Ulisema kichwa.”

“Niliona haya.”

“Kwangu? Mimi niliyeonewa haya na hawa wote kwa ajili yako?” Sauti haikupanda, ndiyo ikamutisha zaidi. “Jana ulikula sahani mbili. Nilifurahi. Nilisema, mume wangu amepona. Ulikuwa umemuambia nani jana, mupaka ukapona hivyo?”

Donatien akaangalia chini.

“Alikuja kuniambia mimi,” Grégoire akajibu kwa ajili yake, na hakuwa hata na haya. “Ni desturi. Mimi ni musemaji wake.”

Apolline akamuangalia Grégoire, kisha akamuangalia mume wake. Machozi yakatoka, akayaacha yatoke. “Ungeniambia mimi, ningeutupa ule murija ziwani. Neno moja tu, Papa Benoît. Neno moja.”

Na kweli. Kama kuna mutu wa kumutetea Donatien hapa, aandike barua kwa gazeti. Mimi sina neno.

Maman Adélaïde akasimama. Ni mwanamuke mufupi, lakini akisimama watu wanasimama. Akashika kibuyu, akakitikisa, akakirudisha.

“Grégoire. Nani alikunywa na wewe?”

“Apolline, kwa jina la…”

“Sikuuliza jina. Nimeuliza mudomo. Mudomo ni wa nani?”

“Wa Apolline.”

“Bon. Sisi tulikuta kwa wazee hivi: mwenye kukunywa njo mwenye kuuzisha. Apolline iko na nyumba. Aliijenga na mume wake Kadutu, yeye kwa kuuzisha maharagi, bwana kwa mushahara. Valise yako inatosha. Chukua ile.”

Watu wakasema “Eeeh!”

Grégoire akacheka kidogo. “Maman, tulisema Nguba.”

“Mudomo wa Apolline hauna nyumba Nguba. Kama unaitaka ya Kadutu, chukua. Kama huitaki, sema hapa mbele ya watu wote kwamba kasiksi uliyomunywesha haina nguvu. Ukisha kusema, beba valise, barrière ni ile.”

Aiii! Munamuona huyu mama? Amemutega! Akikataa Kadutu, kasiksi ni maji, Nguba imepona. Na muzee wa malori, mwenye abakosi, mwenye nyumba ya ghorofa, atafanya nini na nyumba ya udongo na bati kule Kadutu, penye tope na wezi?

Donatien akaanza kupumua. Akamuona Grégoire anafunga na kufungua kifungo chake. Akawaza: hatachukua. Hawezi. Ni haya kwake. Atabeba valise, na mimi nitapiga magoti kwa Apolline mwezi muzima kama inafaa, lakini tutakuwa na mahali pa kupigia magoti.

“Sema, Grégoire,” Maman akasema. “Watu wanangoja.”

Grégoire akakohoa. Akafungua mudomo, na kila mutu aliona kwamba anataka kukataa.

“Ngoja, tonton.”

Ni Apolline. Alikuwa amesimama. Akafungua fundo la pagne kiunoni, mahali wamama wanaweka feza ya soko. Akatoa funguo ya nyumba ya Kadutu.

“Apolline!” Donatien akaita. “Unafanya nini? Acha aseme! Alikuwa anakataa!”

“Nyamaza. Siku mbili hizi ulijua kunyamaza vizuri, nyamaza na leo.” Akaiweka funguo juu ya meza, kando ya kibuyu. “Maman amesema kweli. Mimi njo nilikunywa, sitatapika mbele ya watu. Bati haivuji. Chumba cha nyuma nimekipaka chokaa juzi, kilikuwa cha maman. Mimi na watoto tunabaki hapa Nguba.”

Maman Adélaïde akashika kifua. “Mutoto wangu, sikukuambia utoe funguo…”

“Na mume wako?” shangazi akauliza.

Apolline akaketi kwenye mukeka, akafunika uso na kitambaa chake kipya.

Grégoire akaangalia funguo. Akamuangalia Maman Adélaïde, aliyekuwa amebadilika rangi. Pale akaelewa, mubaya yule, kwamba Maman alikuwa amemutisha tu.

Akanyoosha mukono, akaichukua. Akaitia katika mufuko wa abakosi, akafunga kifungo. Kisha akamugeukia Donatien, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya kuomba bibi, tamu, yenye heshima.

“Mutoto wangu,” akasema, “unatoa vitu vyako leo, ao kesho?”